Namna ya Kumlisha Kipaka Bila Kumlisha

Panya wameingia stoo. Wametoboa gunia la maharage, wameonja mahindi ya mbegu, na juzi usiku mmoja alipita juu ya neti ukiwa macho kabisa, akasimama, akakutazama bila haraka, akaendelea na safari yake. Umeamua kwamba sasa unahitaji paka. Paka mzima habebeki, na ukimbeba hakai, kwa hiyo umeomba mtoto wa paka na umepewa. Yuko ndani ya boksi la sabuni, analia. Watu wa nyumbani wamelizunguka boksi, lakini hawamtazami yeye, wanakutazama wewe. Wanasubiri useme atakula nini.

Tulia, niko upande wako. Kuna watu watakaokwambia kwamba kumlisha kipaka ni jambo la kujifunza, na wakimaliza kusema utajikuta una kazi ya kufanya mara nne kwa siku. Mimi nitakupa njia inayotumika kuanzia Kabanga mpakani mpaka Biharamulo mjini: utamlisha kipaka bila kumlisha, na kila mgeni atakayekaa barazani kwako ataondoka akisema wewe ni mtu wa huruma.

Nikutahadharishe mapema. Jibu sahihi lipo, ni la bei ya chini, na linauzwa kwa kopo katika magulio ya wilaya hizi mbili, Ngara na Biharamulo. Ni dagaa. Dagaa wa ziwani, waliooshwa na kuchemshwa bila chumvi, na kipande cha moyo au utumbo kutoka bucha pale unapopatikana. Hapo ndipo penye tatizo letu. Jibu rahisi namna hii halimpi mtu nafasi ya kuonyesha busara, wala ukarimu, wala uwezo. Nani atakusifu kwa kuchemsha dagaa? Kazi yangu ni kukusaidia kulikwepa ukiwa umenyoosha shingo.

Hatua ya kwanza: Mchukue mapema mno

Kipaka hufumbua macho kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Akifikisha wiki nne hivi huanza kuonja chakula, na mama yake humwachisha taratibu mpaka karibu wiki ya nane. Wewe mchukue wiki ya tatu.

Wiki ya tatu anaenea kiganjani. Shemeji zako watasema "jamani!", watoto watamgombania, na picha yake itapendeza kwenye simu. Ukingoja wiki ya nane utapewa mnyama mwenye meno, kucha na msimamo. Zaidi ya hayo, mama yake atakuwa ameshaanza kumletea panya nusu hai na kumfundisha kazi. Elimu hiyo mwachie mama aipeleke kwingine. Tutaihitaji isiwepo tukifika hatua ya nne.

Mwenye paka akikwambia, "Mwache kwanza anyonye, mwanangu," mjibu kwa adabu kwamba gari linakusubiri. Wakazi wa Nyakanazi na Lusahunga wana bahati hapa: barabarani kwao magari hayakatiki mchana wala usiku, kwa hiyo ukisema gari linasubiri unaaminika papo hapo. Wa Rulenge itabidi waongeze maelezo kidogo.

Hatua ya pili: Mpe maziwa, na umpe mahali panapoonekana

Tunaishi kwenye nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu. Maziwa ni heshima. Mgeni hupewa, mkwe hupewa, basi kipaka naye apewe. Tafuta kibakuli cheupe. Kiweke karibu na mlango wa mbele, si jikoni, maana jikoni hakuna anayepita.

Wataalamu wana lao la kusema. Kipaka ambaye bado ananyonya, maziwa ya ng'ombe hayamtoshi, kwa sababu ya paka yana protini karibu maradufu. Na aliyekwisha kuachishwa hayamfai, kwa sababu kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua mwilini mwake kadiri anavyokua. Maziwa yakifika tumboni yanachacha, na kinachofuata ni mharo. Ni vigumu kupata chakula kinachokosea pande zote mbili namna hii, nawe unacho nyumbani, cha kukamuliwa asubuhi.

Usihofu kuhusu mharo. Mharo hutokea uvunguni, na kibakuli kiko mlangoni. Mgeni huona kibakuli. Kipaka akianza kukonda, ongeza maziwa. Akizidi kuhara, sema ni hali ya hewa, hasa ukiwa Ngara, ambako baridi ya vilimani hubeba lawama za mambo mengi.

Maziwa yakiisha, mpe chai ya maziwa iliyobaki, na sukari usimbanie. Watafiti wa Kituo cha Monell kule Philadelphia walionyesha mwaka 2005 kwamba paka haonji utamu hata kidogo. Jeni ya kumwezesha kuuonja imeharibika, kwake na kwa ndugu zake duma na chui-milia pia. Vijiko viwili vya sukari kwake ni sawa na maji. Lakini watoto wamekuona ukiviweka, na wataeleza shuleni.

Hatua ya tatu: Ugali uliopita karibu na nyama

Hapa ndipo ufundi wetu ulipo, na sitakuharakisha.

Chukua tonge la ugali. Wa mahindi au wa muhogo, haidhuru. Hata ndizi iliyopondwa inafaa, na wali ukiwa na ukoko ni bora zaidi. Lichovye kwenye mchuzi wa nyama mpaka libadilike rangi, kisha liweke chini na kusema kwa sauti, "Haya, kula nyama." Sehemu ya kusema usiiache. Pale Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikaa zikakubaliana kugawana sawasawa megawati 80 za maporomoko ya mto mmoja. Wewe na kipaka hamhitaji vikao vyote hivyo. Mgao wenu unajulikana: wewe mnofu, yeye harufu.

Atakula. Hilo ndilo linalowachanganya wapinzani wetu. Kipaka mwenye njaa akisikia harufu ya mchuzi atalamba tonge mpaka sakafu ing'ae, nawe utapata kauli ya kutembea nayo kijiji kizima: "Wangu hana makuu, anakula kila kitu."

Mwili wake ndio wenye makuu. Paka wa nyumbani, wa Ngara na wa London, wametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama ambaye mpaka leo anazunguka usiku kwenye mapori ya Afrika Mashariki akila panya, ndege na mijusi. Katika historia yake yote hakuwahi kulima muhogo. Kwa hiyo kuna vitu ambavyo mwili wake haujui kuvitengeneza, unavisubiri vije tayari ndani ya nyama. Kimojawapo ni taurini. Binadamu na mbwa kwa kawaida hujitengenezea wenyewe. Paka hutengeneza kidogo sana, na kwenye mahindi, muhogo na maharage haipo. Mwaka 1975 watafiti walieleza jinsi kuikosa kunavyoharibu retina mpaka paka anapofuka. Mwaka 1987 wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliandika katika jarida la Science kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka walikuwa wamepungukiwa na taurini hiyohiyo, na kwamba wengi walipata nafuu waliporudishiwa.

Ya vitamini A ni hivyohivyo. Kanda ya Ziwa tumehubiriwa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, kwa ajili ya macho ya watoto, na mahubiri ni ya kweli: mtoto wa binadamu huigeuza rangi ile kuwa vitamini A. Paka hawezi. Mpe viazi lishe debe zima, macho yake hayatapata kitu. Lakini hebu fikiria utakavyosikika ukisema, "Kipaka wangu nampa viazi lishe." Mtendaji wa kijiji anaweza kukuita kwenye semina.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inachukua miezi. Paka ambaye moyo wake unatanuka hapigi kelele. Anapungua mbio, anahema, analala sana. Utasema ni mvivu, na wote watakubaliana nawe, maana paka wavivu wapo.

Mchuzi nao uache na vitunguu vyake. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Kipaka hana damu nyingi ya kuanzia, kwa hiyo hapa matokeo huja mapema kidogo kuliko yale ya ugali.

Utaniuliza: mbona kuna paka waliokula ugali miaka yote na wako hai? Nakujibu kwa siri. Waliishi kwa panzi, mijusi, vifaranga vya ndege na vipande walivyoiba jikoni wakati mnalaani wizi wao. Usimweleze mtu. Sifa ya kuwalea iache ibaki kwenye ugali.

Hatua ya nne: Mfundishe kwa njaa

Sasa tumefika kwenye falsafa kuu ya wilaya zetu: paka akishiba hawindi. Falsafa hii ina uzuri wa kipekee, kwa sababu inageuza ubahili kuwa mafunzo ya kazi. Humnyimi kipaka chakula, unampa taaluma. Yeyote anayekuuliza kwa nini sahani iko tupu, mtazame kwa huruma kidogo kisha mwambie, "Huyu hakuja hapa kula, amekuja kazini."

Waliochunguza tabia za paka wanasema mambo mengine. Wamemwona paka akiwa katikati ya kula, panya akapita. Akaiacha sahani, akamuua panya, akarudi naye mpaka kwenye sahani na kuendelea na mlo wake wa kwanza. Hamu ya kuwinda na hamu ya kula hazikai chumba kimoja. Paka aliyeshiba huwinda, tena huwa na nguvu na subira ya kukaa nusu saa mbele ya tundu. Mwenye njaa hana subira. Hufuata kilicho karibu: sufuria lako, vifaranga vyako, au nyumba ya jirani.

Yasikukatishe tamaa hayo. Kumbuka kipaka wako alichukuliwa kabla mama hajamfundisha, kwa hiyo kuwinda hajui. Kumbuka pia kwamba mwili unaokua unahitaji nguvu zaidi ya maradufu ya paka mzima kwa kila kilo. Na akifika wiki nane uzito wake haufiki kilo moja vizuri, ilhali panya buku wa mashambani aliyekomaa anaweza kuizidi kilo hiyo. Ndugu wa panya buku huyo wako Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO huwafunza kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kwa kifupi, unamtuma mtoto wa chekechea, tena asiyekula tangu jana, akamkamate mhitimu wa chuo kikuu.

Wiki ya tatu ya mafunzo panya watakuwa hawajapungua. Hapo ongeza sumu. Nyunyiza kwenye makombo ya mahindi stoo, na kipaka mwache humohumo na njaa yake. Panya aliyekula sumu nyingi za madukani hafi palepale. Hukaa siku kadhaa akipepesuka, na katika hali hiyo ndiye panya pekee ambaye kipaka asiye na elimu anaweza kumkamata. Siku hiyo utampigia makofi. Siku zinazofuata sitakueleza. Andaa tu sentensi ya kusema, na sentensi iliyozoeleka huanza na "majirani wengine..."

Hatua ya tano: Kitambi kionyeshe

Katika wiki za mwanzo utaona jambo la kufurahisha. Mbavu za kipaka zinahesabika, mgongo umechongoka, lakini tumbo limejaa, la mviringo, linagongeka. Mshike juu juu, wageni waone. "Mnasema simlishi, na hili ni nini?"

Ni minyoo. Aina moja humpata kipaka akiwa bado ananyonya, kupitia maziwa ya mama yake, kwa hiyo hata aliyetoka nyumba safi anaweza kuwa nayo. Chochote atakachokula, minyoo inatangulia mezani. Daktari wa mifugo atampima uzito, atampa dawa ya kadiri yake, na atakwambia urudi baada ya wiki mbili hivi kwa dozi nyingine. Muda huo utautoa wapi?

Nyumbani ipo chupa ya dawa ya mbuzi. Kikombe kipo, na jicho la kupimia unalo. Kipimo cha mbuzi wa kilo ishirini ukikipunguza "kidogo" kwa mnyama wa nusu kilo, minyoo itakufa kweli. Kuhusu aliyeibeba, rudi kwenye sentensi ya majirani.

Hatua ya sita: Kwa wenye uwezo

Usidhani kushindwa ni kwa maskini peke yao. Kama una duka pale Ngara mjini, au lori lako linapita Rusumo kila wiki, unaweza kukosea kwa gharama kubwa, na heshima yake ni tofauti.

Nunua steki. Mnofu mtupu, usio na mfupa wala mafuta, kila siku, kwa miezi. Mnofu hauna kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo kipaka anayekua huanza kuichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa inalainika, miguu inapinda, na siku moja anaruka kutoka kwenye kochi na kuvunjika. Watu watasema amevunjika kwa kudeka, na hawatakuwa wamekosea kwa upande wa bei. Au nunua maini kila siku. Kidogo ni dawa, lakini yakiwa ndiyo mlo mzima vitamini A humzidi, na mifupa ya shingo huota na kugandana mpaka anashindwa kujilamba. Mifupa ya kuku wa kuchoma mpe pia. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na ni vizuri familia ijue kwamba kwenu kuku huliwa.

Ila kilele cha uwezo ni chakula cha pakiti. Agiza Mwanza, kije kwa basi, na ukakipokee stendi wewe mwenyewe wakati wa watu wengi. Usisome maandishi ya nyuma. Ukiyasoma utakuta kuna chakula cha paka wazima na kingine cha watoto, utakuta kwenye pakiti nyingine nafaka imetangulia nyama, na ukianza hivyo utapoteza siku nzima. Kama cha paka hakuna, chukua cha mbwa, picha zinafanana. Cha mbwa hakikutengenezwa kwa mtu anayehitaji protini na taurini nyingi kiasi hicho, lakini pakiti yake ni kubwa na huonekana kutoka mbali. (Kwa haki, hata viwanda vya chakula cha paka vilichelewa: wale paka wa Davis wa 1987 walikuwa wakilishwa vyakula vya dukani. Baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini.)

Pakiti iweke juu ya kabati la vyombo, picha ya paka itazame mlango. Ikiisha, usiitupe. Jaza ugali mkavu uliovunjwavunjwa, funga vizuri, rudisha juu ya kabati. Njia hii imewatunzia heshima watu wakubwa ambao sitawataja.

Hatua ya saba: Namna ya kuwaharibu dagaa, ukizidiwa

Itatokea siku mama mkwe atakuja, atamwangalia kipaka, na atasema neno moja tu: "Dagaa." Huwezi kumbishia. Lakini hata hapo hujashindwa.

Kabla Chato haijamegwa kutoka Biharamulo, wilaya ilikuwa na ufuko wake wa Ziwa Viktoria. Leo Chato iko Mkoa wa Geita, ulioanzishwa 2012, na Biharamulo hununua dagaa kwa majirani waliokuwa jana watoto wake. Waambie watu hivyo. Sema dagaa wamekuwa wa mkoa mwingine. Ni kisingizio chenye historia, na wazee watatikisa kichwa kwa huzuni.

Kisha, kama ni lazima, wapike wa nyumbani: mafuta mengi, kitunguu, nyanya, pilipili, chumvi ya kutosha, na yeye mpe kutoka humo. Usiwaoshe kwanza, maana wengi huanikwa mchangani ufukweni na mchanga nao una uzito wake kwenye tumbo. Au achana na wakavu kabisa, mpe samaki wabichi wa mtoni kila siku. Samaki wengi wa maji baridi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kipaka anayekula hao tu huanza kuyumba, kuinamisha kichwa na kushikwa na degedege. Moto huua kimeng'enya hicho, kwa hiyo moto usiuwashe.

Ili ujue vizuri unachokikwepa, chenyewe ni hiki. Dagaa wanalowekwa, wanaoshwa mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, wanachemshwa bila kitu kingine, wanapondwa na vimifupa vyao, maana kalsiamu iko humo. Maji yaliyowachemsha hayamwagwi. Taurini huyeyuka ndani ya maji, basi hurudishwa kwenye chakula. Siku nyingine kunaongezwa yai la kuchemsha, siku nyingine moyo wa kuku au wa ng'ombe, ambao una taurini nyingi kuliko mnofu wa kawaida, siku nyingine utumbo uliosafishwa. Dagaa peke yao mwaka mzima pia si sawa. Kidogo kidogo, mara nne kwa siku mpaka afikishe miezi sita hivi, na maji safi kando. Kazi yote ni sufuria moja dogo juu ya makaa ambayo tayari yamewaka kwa chai yako.

Sasa unaelewa kwa nini nimehitaji hatua saba kukuepusha nacho. Angalia paka wa vibanda vya chakula pale Benaco, ambako madereva wa malori ya Kigali na Bujumbura hula sato na kusukuma vichwa pembeni. Paka hao wananenepa, manyoya yanang'aa, na hakuna mtu hata mmoja anayesifiwa kwa ajili yao.

Hatua ya nane: Atakapohama

Atahama. Ukiwa umefuata mwongozo huu vizuri, naye akawa na bahati, karibu mwezi wa nne utamkosa asubuhi moja, na jioni utamwona kwa jirani. Si kwa tajiri wa kijiji. Ni kwa yule bibi anayeuza dagaa kwa fungu pale njia panda, ambaye kila jioni huchemsha waliovunjika, wasiouzika. Stoo yake haina panya. Yako ina wajukuu wa wale wa mwanzo.

Usiende kwa hasira. Nenda saa ya jioni, simama mbali kidogo na kibaraza, vua kofia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Umekuja kumwona mwenzio?"

Usikubali kwamba amehama. Sema ulimpeleka kwake makusudi, kwamba ulipomwona bibi anakaa peke yake ukaona si vizuri. Sema kwa sauti ya watu wa mbele kusikia. Kipaka atakuwa amelala kwenye kiroba kitupu, tumbo la kawaida, macho yamefumba nusu, na hataamka kukusalimia. Mchukulie kama ndugu aliyepata kazi mjini.

Kisha nunua fungu moja, maana huwezi kuondoka mikono mitupu mbele ya watu. Bibi akikuuliza kama ni la paka, mwambie ni la watoto. Akikuongezea mkono mmoja wa nyongeza, pokea, shukuru, na umuulize kwa upole kama paka huyu ni jike, na kama akizaa atakufikiria.